Mmoja Hajapanda

Jumatatu, 3 Machi

Sasa hivi mwanangu Kifaranga kaficha viatu vya babu yake ndani ya sufuria kubwa, kafunika mfuniko, kaukalia. Nimemuuliza, mama, viatu na sufuria wapi na wapi? Kanijibu, "Babu asiende."

Miaka mitatu hajatimiza! Nani kamwambia babu anaenda? Neno hilo hatujalisema mbele yake. Wala nyuma yake. Nimecheka, halafu nikakaa naye palepale chini.

Baba karudishwa jana kutoka hospitali. Daktari alimvuta kaka pembeni, na kaka alirudi anaangalia sakafu. Eti moyo umechoka, tumtunze nyumbani. Tumemwekea kitanda sebuleni, dirishani, aone geti. Kitanda alichokitengeneza mwenyewe, kizito hicho! Wamekibeba mafundi wake wanne wa karakana, kila mmoja anajifanya jasho limemwingia machoni.

Mimi naamini atapona. Leo kanywa uji vijiko sita.

Jumanne, 4 Machi

Kaja katibu wa chama cha askari wastaafu. Suti, bahasha, kikohozi cha adabu. Anataka ukurasa mmoja wa maisha ya baba. "Tuwe nao tu, tusije tukashikwa na haraka." Haraka ya nini? Kaka kanigeukia: andika wewe, ndiye unayekaa naye.

Mimi! Niliyeacha shule bado nachanganya r na l!

Nimeanza hivi: Baba ni dereva wa lori la jeshi, ni fundi wa viti na vitanda, ni baba wa watoto wawili. Kaka kasoma, kachukua kalamu, kila penye "ni" kaweka "alikuwa". Nikamwambia, huyo unayemfuta anakohoa hapo sebuleni, humsikii? Kairudisha kalamu mezani.

Naogopa ukurasa huu. Naona kama nikifika kwenye nukta ya mwisho na yeye atafika. Ujinga, najua. Lakini nimeuacha katikati makusudi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeandika habari ya kuhesabu. Nani atamkumbuka baba asikumbuke kuhesabu?

Alipotoka jeshini alianza na turubai moja na nyundo ya kuazima, anakarabati viti vilivyovunjika. Akafikisha mafundi kumi na mmoja. Na kila jioni, kabla ya kufunga, anawasimamisha mlangoni anawagusa bega: moja, mbili, tatu. Wanamtania, "Mzee, sisi si mbuzi!" Yeye anaendelea tu. Jioni moja wakawa kumi. Watu wanataka kwenda makwao, baba kakalia funguo, hatoki mtu. Wakatafuta huku wananung'unika. Fundi vitambaa wakamkuta ndani ya kabati jipya, alijilaza humo kwa homa, hajitambui. Daktari alisema angelala humo mpaka asubuhi, basi. Mbuzi wote wakanyamaza.

Fundi mwenyewe kaja leo. Kaketi miguuni pa kitanda, kamkanda baba nyayo mpaka mchana.

Na nyumbani vilevile. Jioni getini: mama, kaka, mimi, mwisho anajihesabu mwenyewe. Wanne. Ndipo anafunga. Mwaka ule niliporudi na begi moja na tumbo, yule mwanamume aliyenipa mimba hapokei tena simu zangu, nilisimama nje ya geti nimeloa jasho. Nilijua leo ndiyo leo. Baba akatoka na funguo. Akamhesabu mama, akamhesabu kaka, akanihesabu mimi. Akaliangalia tumbo langu. Akajihesabu. "Watano," akasema, akafunga geti. Hakuniuliza kitu. Siku ile wala baadaye.

Hili haliwezi kusomwa mbele za watu. Nimeliandika hapa kwangu tu.

Ijumaa, 7 Machi

Jana sikushika kalamu.

Asubuhi baba kafumbua macho, kaniita koplo. "Koplo, Mluzi amepanda?" Sikuelewa. Mama alikuwa anakunja nguo, kaziacha, katoka uani. Nikamfuata. Ndipo kanisimulia, kwa sauti ya chini, kama vile anaiba.

Mluzi alikuwa askari mwenzake. Anapiga mluzi tangu alfajiri mpaka wenzake wanamrushia viatu. Siku moja huko vitani wakaamriwa waondoke upesi sana. Baba yuko kwenye usukani. Kauliza, wote wapo? Sauti ya nyuma ikamjibu, wapo! Kaondoa lori. Wamekwenda mbali ndipo akagundua nyuma kuko kimya. Hakuna mluzi. Akataka kugeuza, mkubwa wake akamkataza. Mluzi hakuonekana tena.

Miaka yote hii! Na mimi nilidhani kuhesabu ni ujeshi tu umemganda.

Kauliza tena saa nne. Kauliza saa saba. Kaka kanivuta jikoni. "Mwambie amepanda, mzee apumzike."

"Sisemi."

"Ni neno moja tu, mdogo wangu. Linakugharimu nini?"

Nikamwambia, wewe dereva yule humjui? Mmoja akiwa hajapanda, lori haliondoki! Nikisema wote wapo, si ataondoka?

Kaka yangu huyu, bingwa wa maneno, kafungua bomba, kanawa uso, kalisahau linatiririka.

Nimerudi, nimemjibu baba: bado, baba, tunamsubiri. Kaguna. Kakaza macho getini. Hakulala mchana kutwa, vidole vimeshika shuka kama usukani. Nilifurahi — yupo! Halafu nikaona aibu. Nimemweka macho mgonjwa. Namlinda, au namtesa? Mungu wangu, sijui.

Jumamosi, 8 Machi

Uji kaukataa. Hata maji yanatoka pembeni mwa mdomo. Pumzi fupi, zina mkwaruzo. Macho bado getini, mekundu.

Mama kaniambia kwa upole, bila kunilaumu, na heri angenilaumu: "Mwanangu, amechoka kusubiri."

Katibu kapiga simu kuulizia ukurasa. Nimeongeza mstari mmoja tu: Alimwacha mtu mmoja bila kujua, na tangu hapo hakumwacha mwingine. Nimeusoma mara tatu. Nimeandika "alimwacha", "hakumwacha". Kaka hajaugusa. Nukta sijaweka.

Niko jikoni, nasubiri maji ya kumfuta baba yapate moto. Mfuniko wa sufuria kubwa uko sakafuni. Sufuria tupu. Kifaranga kapita hapa mlangoni sasa hivi kakumbatia viatu vya babu kifuani, vyote viwili. Unavipeleka wapi, mama? "Kwa babu. Anavitaka." Kavifuta vumbi kwa gauni lake! Nilitaka kumnyang'anya. Mkono haukuinuka.

Nasikia sauti ya baba, nyembamba. Amepanda? Namsubiri kaka aseme lile neno lake moja. Hasemi. Kumbe naye hawezi!

Sasa ananiita. "Mdogo wangu, njoo. Njoo upesi, anakuuliza wewe." Nakuja, kaka, nakuja. Nitamshika baba mkono, nitamhesabia taratibu, bega kwa bega, mama, kaka, mimi, Kifaranga, yeye mwenyewe, halafu nitamwambia Mluzi amepanda