Bolti Nne za Usukani

Jumatatu, 10 Juni 1974

Leo nimekabidhiwa lori la Bedford nilitengeneze. Limekaa juu ya mawe tangu serikali ilipochukua shamba la mkonge. Kuku wametagia kwenye kiti cha dereva! Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mhina, anataka siku ya Saba Saba libebe watu mpaka Korogwe. Nimesema litatembea. Mbele ya umati ule ningesema nini?

Lukasi alikuwapo, mdomo wazi kama kawaida. Baba yake aliletwa manamba kutoka Tabora kukata mkonge, yeye akazaliwa kambini. Mnyamwezi kati ya Wazigua — mtani wetu. Eti: "Mtumwa wangu Sadala, siku hizi unafufua maiti?" Watu hoi kwa kicheko. Nikamjibu nitaanza na akili yake. Miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa kiwanda cha mkonge. Chuma anakijua kunishinda. Ndiyo maana inanipa raha kumtuma akachote maji ya rejeta.

Ijumaa, 14 Juni

Injini imewaka! Moshi, kelele, mbuzi wakakata kamba. Mama akapiga vigelegele, akacheza na mguu wake mbovu. Huchechemea mguu wa kushoto tangu nikiwa mdogo. Lukasi akamfuata nyuma akichechemea vile vile, na mama akacheka mpaka akakaa chini. Ningefanya mimi ningelaaniwa.

Mtani hana kosa. Kuiga mwendo ni mchezo wa kila siku, lakini nguo ya marehemu mtani huivaa msibani tu. Baba alipofariki mwaka jana Lukasi alikuja kavaa koti la marehemu, anakohoa kikohozi chake, anamdai mama chai. Siku tatu mama alikuwa hajafungua kinywa. Akacheka.

Tatizo moja. Bolti nne zinazoshika boksi la usukani kwenye chesisi zimeliwa na kutu. Nimezigonga, tatu zimekatika.

Jumatano, 19 Juni

Korogwe, kwa Kasmiri muuza vipuri. Bolti halisi amebaki nayo moja, ya kuonyesha tu. Ina alama kichwani, nzito mkononi. Nyingine zitatoka Tanga, labda baada ya wiki mbili. Labda! Nimeagiza.

Nyuma ya duka kuna lundo la bolti za reli, zile za vitoroli vya mkonge. Unene ule ule. Kasmiri akanionya: hizo kazi yake ilikuwa kulala chini na kushika reli, hazijazoea kutikiswa. Nikachagua nne zilizonyooka. Muuza duka atanifundisha kazi?

Jumapili, 23 Juni

Zimeingia kama zimezaliwa humo! Watu wakaja kutazama. Lukasi naye, na tupa yake mkononi. Akalala chini ya lori, akaisugua ncha ya bolti moja. Akatoka na unga wa chuma kiganjani.

"Laini hii, inalika kama muhogo. Usukani utakubakia mikononi, mtumwa wangu. Mtakufa."

Kicheko! Mzee Mhina alifuta machozi. Nikasema huyu anatafuta pilau la msiba. Akasema, bila kutabasamu, kwamba leo hafanyi utani. Tukacheka zaidi — ndivyo asemavyo siku zote kabla ya kumaliza. Nikamwambia kazi ya manamba ni mkonge, magari atuachie wenyewe. Akanywea. Akaifuta tupa kwa shati, akaondoka.

Nilifurahi. Nijidanganye kwa nini? Nilifurahi sana.

Jumatatu, 24 Juni

Nimejaribu tupa mwenyewe, hakuna mtu. Imekula.

Jumatano, 3 Julai

Kasmiri alituma salamu, nimekwenda kuzichukua bolti za Tanga. Nne. Tupa inateleza juu yake, inalia tu. Kuzibadili ni kazi ya nusu siku.

Lakini Lukasi anashinda pale, anapaka milango rangi ya kijani. Akiniona nazifungua zile za reli, nimekwisha. Nitaimbwa mpaka kwa wajukuu: Mzigua kafundishwa gari na manamba! Nimezifunga kwenye gunia, ziko chini ya kitanda. Nitazibadili baada ya Saba Saba, kimya kimya. Safari moja tu. Moja!

Jumapili, 7 Julai

Wameondoka saa kumi na mbili asubuhi. Watu thelathini na ushee, bendera, nyimbo, Mzee Mhina kavaa kofia mpya. Nafasi yangu ilikuwa mbele, karibu na dereva Rehani. Mama akaja na kanga yake mpya, nyekundu. "Gari la mwanangu, halafu nikae nyuma na mizigo?"

Nikashuka. Nilishuka upesi. Upesi mno.

Ningeweza kumwambia mama, usiende. Maneno mawili. Lakini Lukasi alikuwa pale, amesimama, ananitazama mdomoni.

Akapanda wa mwisho. Wakamuuliza, si ulisema tutakufa? Akasema: "Sasa nani atawazika? Wazigua hata kaburi hamjui kuchimba." Wakaondoka wanacheka. Mama alinipungia mkono.

Saa moja jioni sasa. Walisema saa kumi watakuwa wamerudi.

Jumatatu, 8 Julai

Asubuhi. Naandika barazani. Watu wamejaa uani wanasema pancha. Kila mtu pancha. Na mimi nimesema pancha.

Nimelitoa gunia chini ya kitanda. Bolti ziko mapajani. Sijui nimezitoa kwa nini.

Kuna mtu anakuja barabarani kwa miguu. Ni Lukasi. Peke yake. Anachechemea — ameumia? Mguu wa kushoto. Watu wameanza kucheka, huyo mtani, hachoki!

Amejitanda kanga. Nyekundu.

Kicheko kinakatika, mmoja mmoja. Mwe! kasema mtu. Naandika ili nisiinue macho. Amefika kizingitini. Machozi yanamtiririka lakini haachi kuchechemea, anaita kwa sauti ya mama yangu: Sadala, mwanangu, nimerudi, umenipikia nini?

Bolti ziko mapajani pangu. Ameziona.