Tulimsifu kwa Kunyamaza

Mpendwa Baba,

Yusufu ana mwaka mmoja na nusu na bado hasimami. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo ungeniuliza kwanza. Sijui nikutumie wapi barua hii, kwa hiyo itakaa ndani ya daftari langu la sayansi.

Unakumbuka ulivyomsifu? Ulikuwa ukirudi kutoka dukani kwako Nakivubo, unamkuta mkekani, macho wazi, kimya. "Huyu ni mzee mwenzangu," ulisema, ukimnywesha chai ya maziwa kwa kijiko, kutoka kikombe chako. Sukari ilikuwa adimu, nawe ulimpa yako. Niliona wivu. Mama Zaituni, jirani yetu, alimwambia Mama, "Wangu akilia, Kibuli nzima inajua. Tubadilishane, dada!" Tulicheka. Siku zile mtoto asiyelia alikuwa neema, maana hakuna aliyetaka nyumba yake isikike.

Kisha askari wakakuchukua dukani. Siku ya tatu wakaja nyumbani, wakapindua magodoro. Yusufu hakulia. Mmoja wao akamtazama, akacheka: "Mtoto hii iko na adabu kuliko baba yake." Mama akajibu, "Ndiyo, afande." Jibu hilo linanichoma mpaka leo, Baba, kwa sababu hata mimi nilishukuru kwamba amenyamaza.

Mwezi uliopita mwalimu alitufundisha habari za damu, akatuambia tutazamane ndani ya kope za chini. Zangu zilikuwa nyekundu. Nyumbani nikavuta ya Yusufu. Ilikuwa nyeupe kama karatasi.

Tulimpeleka zahanati. Muuguzi hakumsifu.

"Anakula nini?"

"Chai ya maziwa, na matoke," Mama akasema. "Hasumbui. Ni mpole sana."

"Mama, huyu si mpole. Huyu amechoka."

Akatueleza kwamba damu yake imekosa madini ya chuma, na kwamba chai huzuia hata yale machache yaliyomo katika chakula. Ubongo nao huyahitaji, hasa katika umri huu. Nikamuuliza kama kilichopotea kitarudi. "Nguvu zitarudi," akasema. "Mengine tutayaona akikua." Namshukuru kwa kutonidanganya.

Nina hasira, Baba. Nawachukia waliokuchukua. Na, unisamehe, nimekukasirikia hata wewe kidogo. Kile kijiko ndicho kumbukumbu nzuri kuliko zote niliyo nayo juu yenu wawili, na sasa siwezi kuikumbuka kwa amani. Hukujua. Hakuna aliyejua. Lakini kutojua kwetu kumemlaza mkekani mwaka mzima.

Sasa anakunywa dawa ya chuma. Choo chake kimekuwa cheusi, Mama akapiga ukelele, nikamwambia muuguzi alitutahadharisha. Maini hayapatikani, wauza nyama huwawekea wenye bunduki. Basi nampondea maharage na mboga za dodo, mchicha wetu wa huku, nakamulia ndimu ili chuma kiingie mwilini. Chai nimeikataza, na Mama amenitii kana kwamba mimi ndiye mkubwa.

Jana alasiri nilimpokonya kijiko nikioshe. Akalia! Alilia kwa hasira, akirusha miguu, uso umeiva. Mama akakimbilia dirisha. "Mnyamazishe, kuna gari linakuja!"

Nilimpakata. Sikumziba mdomo. Gari likapita, naye bado analia, na Mama akaliachia pazia, akakaa chini kando yetu kumsikiliza.

Popote walipokuweka, Baba, ujue kwamba mwanao ameanza kudai chake.

Akuombeaye kila swala,
Binti yako, dada yake Yusufu