Yai la Kamwene

Jumanne, 3 Juni
Baridi ya leo haina adabu. Nimemtoa Kamwene nje jua lilipopanda, nikampa majani ya maboga. Hakugusa. Siku kadhaa sasa kobe huyu anachimbachimba kwa miguu ya nyuma, anajikamua, halafu anatulia. Jirani yetu Mama Rehema, mfuga kuku, kaingiza kidole mbele ya mguu wa nyuma, kagusa kitu kigumu. Kikubwa. "Yai hilo. Hongera, Baba Kamwene."

Lyamkena nzima, mtaa wetu hapa Makambako, inaniita hivyo. Utani. Wenzangu ni Baba Neema, Baba Juma. Mimi mtoto sina, nina kobe. Huwa naitika kwa kukohoa. Mke wangu hajawahi kulitamka jina hilo hata mara moja, na najua kwa nini.

Alhamisi, 5 Juni
Nimepiga simu Lupingu. Mke wangu yuko kwao, ziwani, anamuuguza mama yake. Nimemwambia kuhusu yai. Kapiga kigelegele mpaka nikaitoa simu sikioni. Miaka sijamsikia hivyo. Kobe ni wake. Alipoolewa huku, neno la kwanza la Kibena alilolishika lilikuwa la salamu, kamwene, na tulipompata kobe akampa jina hilo.

"Mchimbie mahali pazuri," kasema. Nimechimba nyuma ya jiko. Nimeleta mchanga uliobaki saiti, nimeuchekecha. Fundi uashi mzima nachekecha mchanga wa kobe. Nina furaha ya kijinga.

Jumamosi, 7 Juni
Yai hakuna. Leo katoa tone la damu. Naogopa.

Jumatatu, 9 Juni
Njombe, na Kamwene ndani ya boksi lenye blanketi. Daktari wa mifugo ni binti mdogo. Kazi yake kubwa ni ng'ombe wa maziwa, lakini kobe kawasomea. Kwanza kadai kibali cha kumfuga. Ninacho. Kisha eksirei. Jina la mgonjwa walilichukua mlangoni, langu hawakuuliza, kwa hiyo majibu yalipotoka msaidizi kaita, "Baba Kamwene!" Nilisimama bila kukohoa.

Si yai. Ni jiwe. Liko kwenye kibofu.

"Mzee wangu, hili limejengwa na mkojo wake mwenyewe," daktari kasema. Kobe asipopata maji ya kutosha, uchafu wa mkojo hugandana, tabaka juu ya tabaka. Na sisi tuliamini kobe maji hahitaji. Lisipotolewa, atakufa. Likitolewa, huenda asiamke.

Nimempigia mke wangu. Nimemwambia kwa aibu kwamba lile yai ni jiwe. Nyuma yake yalisikika mawimbi. Kasema, "Wampasue. Ila usimwache peke yake."

Jumanne, 10 Juni
Nimeona. Sijui nitaandikaje.

Walimpiga nusu kaputi. Shingo ikalegea. Nikavalishwa gauni, nikaambiwa nisimame ukutani, nisiguse kitu. Wakamlaza chali. Daktari kachukua msumeno mdogo, kakata gamba la tumboni mraba, kalifungua kama dirisha. Madirisha nimeyaweka tangu ujana wangu. Hili lilikuwa kwenye mfupa ulio hai, na mwenye nyumba alikuwa ndani.

Kuna kimashine kinasikiliza moyo. Kinalia mara moja. Kisha kimya. Kimya mpaka naanza kumwomboleza. Kisha kinalia tena. Kila mara nilimzika, kila mara alirudi. Nilianza Baba Yetu mara nyingi, sijui kama niliimaliza hata moja.

Jiwe likatoka. Jeupe, zito, limejaa kiganjani. Mawe nayajua, nimeyachonga, yamenivunja kucha. Hili halikuguswa na nyundo. Limejengwa kwa maji, gizani, kidogo kidogo, sisi tukiwa tunakunywa chai pembeni yake. Mungu ana mafundi wake. Nilitamani kupiga magoti, ila niliambiwa nisimame.

Dirisha limerudishwa, likazibwa kwa gundi na kitambaa cha faiba. Mfupa utachukua mwaka au zaidi kushikana. Nimetafuta ufa, sikuuona.

Jioni kafungua jicho. Moja tu. Limenitosha.

Ijumaa, 13 Juni
Tumerudi Makambako. Analala chini ya taa ya vifaranga ya Mama Rehema. Hali chakula. Hajakojoa tangu apasuliwe. Daktari kasema asipokojoa kufikia kesho jioni nimrudishe Njombe. Sauti yake sikuipenda. Mke wangu kapiga mara tatu, na mara zote nimesema anaendelea vizuri. Mwongo mkubwa.

Jumamosi, 14 Juni
Umeme umekatika asubuhi. Baridi ikajaa chumbani, Kamwene akapoa mikononi mwangu. Nikavaa koti la kazi, nikamtia ndani, kifuani, nikakaa mlangoni juani. Watu wakapita.

"Baba Kamwene, unanyonyesha?"

Wacheke tu. Sikutoka. Mchana nikahisi uvuguvugu unashuka tumboni, unafika kwenye suruali. Nilidhani jasho. Si jasho.

Kanikojolea! Nimelia mchana kweupe, suruali imelowa, mzee mzima. Nimempigia daktari, naye kapiga kelele. Sasa ndiyo nimempigia mke wangu na kumwambia yote, na uongo wa jana pia.

Jumapili, 29 Juni
Kala ua la boga. Lote.

Kanisani, wakati wa shukrani, nilisimama nikamshukuru Mungu kwa ajili ya kobe. Usharika ulicheka, na mchungaji naye. Mimi sikucheka. Hawakusikia ule moyo.

Jumamosi, 5 Julai
Mama mkwe kapata nafuu. Mke wangu karudi leo. Kabla ya kutua begi kapiga magoti, kamgeuza Kamwene kidogo, kapitisha kidole kwenye kiraka. Kaniomba jiwe. Nilikuwa nimeliweka kabatini, kwenye kitambaa.

Kalishika muda mrefu. Kisha kaenda nalo nyuma ya jiko, kwenye lile shimo. Kaliweka chini, kalifukia kwa mchanga wangu niliouchekecha, kausawazisha kwa kiganja. Aliingia jikoni kuwasha moto.

Mimi nilibaki nje. Kamwene alitembea mpaka kwenye beseni la maji, akatumbukiza kichwa, akanywa. Nikawa namtazama koo.

"Baba Kamwene," mke wangu kaita kutoka jikoni. "Chai tayari."

Nimeitika.