Mshono Hautaki Mateke

Jumanne, 4 Juni
Nimerudi nyumbani! Utumbo ulijisokota, wakanipasua, wakaunyoosha, wakanishona. Mshono unaanzia juu ya kitovu unashuka hadi — basi, hadi kule. Nesi kanipa masharti: nilale chali, mto chini ya magoti, nisilalie tumbo, nisikohoe bila kukumbatia mto. Na nisicheke. Nisicheke! Mimi! Nikamuuliza kama kupumua kunaruhusiwa. Kanitazama kama nimemwibia.

Mama watoto alisikia kila neno. Jioni kakunja shuka lake, kahamia chumba alichokiacha binti yetu alipoolewa hapo jirani. Eti usingizini anapiga mateke, atanifumua. Ni kweli anapiga. Miaka yote hii nimelala na punda, nimeshazoea.

Alhamisi, 6 Juni
Chali: mgongo unalia. Ubavu wa kulia: matumbo yote yanahamia huko kama abiria wanaotaka kuona ajali. Ubavu wa kushoto: ndio upande wake. Hakuna mtu. Nageuka tena.

Nusu kukaa, nusu kulala: mito inateleza mmoja mmoja, naamka kichwa kiko chini kuliko miguu. Na kuinuka! Nageuka mzima mzima kama gogo, nashusha miguu, mama watoto aje anisukume mgongo. Gogo lenye matusi.

Ijumaa, 7 Juni
Asubuhi nilijaribu chali kabisa, mikono kifuani, shuka hadi kidevuni. Usingizi ukanipitia. Binti kaingia na chai — kapiga yowe! Mama yake kaja mbio, kanifinya sikio. Nikafumbua jicho moja, nikauliza redio yangu anairithi nani.

Alinitukana hadi nikacheka, nikacheka hadi nikalia. Uchungu! Lakini alikaa kitandani, kanishikia mto tumboni. Nikamwambia, basi rudi ulale hapa.

"Nikufumue, halafu watoto niwaambie nini?"

Kaondoka.

Jumatatu, 10 Juni
Nimepata dawa! Saluni yangu iko mbele ya nyumba, mlango mmoja tu unatutenga. Kazi nilishamwachia mkwe, mume wa binti. Viti viwili vya chuma, vimefungwa sakafuni kwa nati, nilivinunua enzi zile nina nywele. Nimekaa kile cha dirishani. Mkwe kavuta kipini — mgongo ukalala, miguu ikapanda, mshono kimya! Kanifunika kitambaa cha wateja hadi shingoni. Mkasi kacha-kacha-kacha. Nikazima kama taa.

Naambiwa fundi saa alikaa benchini akinisubiri nimalize. Mwishowe kauliza, "Huyu mzee ananyolewa nini, na kichwa chenyewe yai?" Mkwe, mtu wa adabu, kasema baba anapumzika.

Jumanne, 11 Juni
Asubuhi yote nimelala saluni. Usiku kitandani macho kodo, kama jana. Binti kaninong'oneza: mama anasema kwake unalia mbavu, kwa wateja unakoroma. Nikasema, mwambie mama yako wateja hawajahama chumba.

Kaenda kumwambia kweli! Mtoto hana breki huyu. Sahani yangu ya jioni iliwekwa mezani kwa kishindo.

Jumatano, 12 Juni
Naandikia kitini, daftari juu ya kitambaa. Mkono mmoja tu. Nitaeleza.

Mama watoto kaingia saluni bila hodi, mto kwapani. Kiti cha pili kina karani wa posta, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado msitu. "Baba, hebu nipishe kidogo." Karani kapisha! Nani angebisha? Kajiweka pale, kamwamuru mkwe: "Nilaze kama huyo." Mkwe maskini, kumlaza mama mkwe mbele za watu! Kavuta kipini amefumba macho.

Kisha mama watoto kanyoosha mguu, kanipigia teke la majaribio. Halikufika. La pili, kwa nguvu zote. Hewa tupu.

"Haya," kasema. "Hapa siwezi kukuua."

Papo hapo keshakoroma. Kumbe naye hakuwa akilala. Macho yamemvimba hivi, na mimi nilikuwa nahesabu mito!

Nimenyoosha mkono, wake umevuka huku, umeshika kidole changu. Haubanduki.

Karani anatazama saa, anajipapasa upande wenye nywele. "Mzee, samahani, ofisi inafunguliwa." Mkwe kasimama katikati na mashine ya kunyolea, ananiuliza kwa macho: nimwamshe? Nimetikisa kichwa. Nikanong'ona: weka mashine chini, chukua mkasi, mkalishe kwenye ndoo, ummalize hapo hapo. Na ole wake atakayekohoa!

Karani kakalia ndoo. Mkwe anakata unywele mmoja mmoja, kama mwizi. Anayeingia anavua viatu.

Mkojo umenibana, na wa kunisukuma mgongo ndiye huyu anayekoroma. Wacha unibane.