Kiti cha Mama Kimo Ofisini Mwangu

Mpendwa Bibi Odessa,

Nisaidie kabla Alhamisi haijafika, maana nimejiingiza mwenyewe mahali ambapo sioni pa kutokea. Nimesoma safu yako ya ushauri tangu nikiwa msichana, mama yangu alikuwa akikukata gazetini na kukubandika kwenye friji, na sikudhani iko siku nitakuandikia mimi, tena nikuombe usilitaje jina langu, kwa sababu jiji zima linanijua na nusu yake inangoja kwa hamu siku nitakapojikwaa.

Mimi ndiye mkurugenzi wa Ofisi ya Usawa na Haki za Raia ya jiji letu. Mwenye nyumba akimnyima mtu chumba kwa sababu ya rangi yake anaitwa kwangu, mkahawa ukiwa na ngazi mlangoni na hauna mteremko wa kiti cha magurudumu mwenyewe ananijua kwa sauti, na siku niliyoapishwa nilisimama mbele ya kamera nikatangaza kwamba ofisi hii haitaangalia sura ya mtu, awe meya awe shangazi yangu, watu wakapiga makofi, na aliyepiga kuliko wote ni mama.

Sasa mambo ya mtaa wetu wa mlimani theluji ikianguka unayajua. Ukishapachimba mahali pa kuegesha gari kwa beleshi lako, hapo ni pako, unaweka kiti, na mtu akithubutu kukisogeza na kuegesha gari lake, asubuhi atalikuta limemwagiwa maji na kugeuka barafu tupu. Hakuna sheria inayosema hivyo na hakuna polisi anayethubutu kusema vingine. Mama yangu, ambaye nitamwita Bi Verlene, ana miaka sabini na sita na bado anachimba, na hata gari hana, aliliuza macho yalipoanza kumsumbua. Jirani yake ni Bwana Chester, fundi chuma mstaafu aliyekatwa mguu kwa kisukari, alihamia pale mwaka jana, na ofisi yangu ndiyo iliyompatia nafasi ya kuegesha mbele ya mlango wake pamoja na kibao cha buluu cha watu wenye ulemavu, kwa kuwa gari la binti yake lina ubao wa kiti chake cha magurudumu unaoteremka ubavuni na bila nafasi ile hauwezi kufunguka.

Theluji kubwa ilipoanguka, mama akachimba mahali pamoja tu katika mtaa mzima, na mahali penyewe ni hapo hapo chini ya kibao cha buluu, akaweka kiti. Binti wa Chester ikabidi aegeshe chini kabisa ya mlima na kumsukuma baba yake katikati ya barabara huku magari yakipiga honi. Bwana Chester akapiga simu ofisini, kwa adabu yake, akasema, "Sina ugomvi na mama huyu, supu yake ndiyo imenilea tangu nihamie hapa, lakini jamani, mwambieni mwenye kiti kwamba mimi siwezi kuruka theluji." Mimi nikasema hili dogo, nitalimaliza kwa simu.

"Mama, kile kiti kitoe."

"Kiti gani?"

"Mama, unakijua."

"Aa, kumbe ni Mheshimiwa! Mimi nikadhani ni mwanangu amenipigia kunijulia hali."

"Pale ni pa Bwana Chester. Kibao umekiona."

"Kibao kimekuja juzi. Mimi niko mtaa huu kabla wewe hujazaliwa. Na beleshi alishika nani, kibao?"

"Mama, hata gari huna! Unapalindia nini?"

Akanyamaza, nikafikiri nimemshinda. Kisha akasema, "Jumapili kuna kuku wa kukaanga na pai ya viazi vitamu. Wewe njoo tu," akakata simu. Sikwenda, Bibi Odessa, nakiri, tangu majira ya baridi yaanze sijala kwake hata Jumapili moja, mikutano imenibana, na nikimpigia humwambia mama ni theluji, mtaa wako hauna pa kuegesha gari, naye husema haya mwanangu, basi.

Jumamosi mama akiwa mazoezini na kwaya, nikapita pale mchana kweupe, nikakikuta kiti, na hasira zikanipanda zaidi nilipokitambua, maana katika viti vinne vya jikoni kwetu alikuwa ametoa changu, chenye mto wa manjano uliopasuka, nilioubandika gundi mwenyewe nikiwa mtoto. Nikakitupa kwenye buti la gari, miguu ikining'inia nje, nikaondoka. Binti wa Chester aliegesha siku hiyo hiyo na baba yake akaingia ndani bila taabu, na mimi nikajiona shujaa. Kwangu ningekiweka wapi, nikakipeleka ofisini, nikakisimamisha nyuma ya mlango.

Jumatatu naibu wangu, Ofelia, akaingia. Viti vyote vilikuwa na majalada, akavuta kile cha manjano, akakalia.

"Bosi, tumepata shauri zito. Mama mmoja ameibiwa kiti chake cha theluji."

"Hilo ni la polisi," nikasema.

"Ningesema hivyo pia. Lakini nimekwenda mtaani kuangalia mwenyewe. Kuna viti, kuna ndoo, kuna ubao wa kupigia pasi, kuna hata sanamu ya Bikira Maria amesimama kwenye theluji akimlindia mtu nafasi. Vyote havijaguswa. Kimeondolewa kimoja tu, cha mwanamke mweusi, mzee, anayeishi peke yake. Nikijiuliza kwa nini yeye, sipati jibu zuri."

"Labda ni bahati mbaya."

"Bahati mbaya! Bosi, si wewe uliyetukataza kulipokea neno hilo humu ndani?" Akapapasa mto. "Kiti kizuri hiki. Umekipata wapi?"

Nikasema mnadani. Mungu anisamehe, nilisema mnadani.

Alhamisi ofisi yangu inasikiliza wananchi hadharani katika ukumbi wa baraza la jiji, kila anayetaka anapewa dakika zake kwenye kipaza sauti, na mama amejiandikisha, anakuja na kwaya nzima. Amenipigia kunipa moyo. "Usiwe na wasiwasi," ameniambia, "sitataja kwamba wewe ni mwanangu. Nataka haki, sitaki upendeleo. Na najua ofisi yako itampata huyo mwizi."

Nifanye nini? Nikirudishe Jumatano kimyakimya na kukiacha kwenye theluji kama nilivyokikuta? Nikitupe mtoni? Nijiuzulu? Ikijulikana, kila mwenye mkahawa niliyemlazimisha kujenga mteremko atacheka mpaka alie, na wale ambao ofisi hii ndiyo tegemeo lao watasema kumbe ni wale wale. Lakini nikisema kweli, kazi siiogopi sana. Ninaogopa uso wa mama pale kwenye kipaza sauti atakapojua kwamba mwizi anayemtafuta amekaa mbele yake.

Ni mimi,
Mkurugenzi Aliyeiba Kiti


BIBI ODESSA ANAJIBU

Mkurugenzi wangu,

Nimecheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kama niko salama. Ulipofika kwenye mnada nilivua miwani. Sasa nimemaliza kucheka, kaa vizuri tuzungumze, na kama hapo ofisini hakuna kiti kingine kitupu, kalia hicho hicho.

Pole, kwanza. Kuwa na cheo katika mji aliokulelea mama yako si mchezo, kila unayemkemea amewahi kukuona umevaa pampasi. Lakini pole yangu inaishia hapo. Wewe humwambia mwenye maghorofa "hapana" mbele ya wanasheria wake, tena bila kupepesa, halafu bibi mmoja mwenye beleshi ukamvizia mpaka aende kuimba! Bwana Chester alikuletea haki iliyonyooka kabisa, na wewe ukaishughulikia kama kibaka. Ungebisha hodi, ukasema "Mama, nimekuja kukiondoa na sitaondoka mpaka tumeelewana," mngegombana nusu saa, mngekula, yangeisha. Uliogopa. Sema uliogopa, hakuna aibu, hata mimi ningemwogopa Bi Verlene.

Na huyo Ofelia mpandishe cheo. Amesema kweli tupu bila kujua amekalia ushahidi. Mtaa mzima ulijaa viti, ukachukua kimoja, na ulikichukua kwa sababu unamjua mwenyewe ni nani. Angekuwa mama wa mtu mwingine ungemwandikia barua ya heshima na kumpa muda wa kujieleza, kama unavyowapa wenye mikahawa. Mama yako hukumpa hata hicho kidogo. Umembagua, mwanangu, na umembagua kwa kuwa ni wako.

Haya, kazi. Leo, kabla ya chakula cha mchana, mwite Ofelia, funga mlango, mwambie kiti kimetoka wapi. Atapiga kelele, mwache apige. Kisha jitoe kwenye mashauri yote mawili, la Chester na la mama yako, na uwaandikie meya na mwanasheria wa jiji wewe mwenyewe, kabla mtu mwingine hajakuandikia. Usijiuzulu. Wakitaka kukufukuza watajua njia. Ila sidhani, kwa sababu watu wa mji huu wamezoea viongozi wanaokana, na atakayesimama aseme "ni mimi" watamshangaa tu.

Kiti usikitupe mtoni na usikirudishe kwa kunyata, umekwisha kunyata vya kutosha. Jumatano, jua likiwa juu, kibebe mikononi, panda zile ngazi za mbele majirani wakuone, gonga mlango. Mwambie kabla hajasimama mbele za watu, usimwache aaibike na dakika zake mkononi. Atakuchamba. Simama uchambwe, usimjibu kwa vifungu vya sheria. Na akitaka bado kuja Alhamisi kusema, ni haki yake, atakuja. Wewe siku hiyo usikae meza ya mbele. Kaa kwenye viti vya wananchi, kwaya ikuone vizuri.

Juu ya nafasi ya Bwana Chester hakuna mazungumzo. Ni yake, theluji iwepo isiwepo, beleshi liwe la nani. Hilo mwambie mama yako kwa upole na usirudi nyuma hata hatua moja. Lakini mama yako naye amekuuliza swali zuri kwenye simu ukalipita kama hukulisikia. Beleshi alishika nani? Ofisi yako ilisimamisha kibao, ikapiga picha, ikaenda zake. Theluji ikaja. Wewe ulitegemea apachimbe nani, mtu asiye na mguu? Mgongo wa mwanamke wa miaka sabini na sita ndio uliofanya kazi ya jiji, halafu jiji likamwibia kiti. Nenda kapiganie wafanyakazi wa kusafisha kila nafasi yenye kibao cha buluu, mlima mzima, siku ile ile theluji inapoanguka. Ukilipata hilo, kisa hiki cha aibu kitakuwa kimemsaidia mtu.

Ya ofisi nimemaliza. Limebaki moja ambalo hukuniuliza, na linaniumiza kidogo kwamba hukuliuliza.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Umeniambia mama yako hana gari. Ukamuuliza mwenyewe analinda nafasi ile kwa ajili ya nini, akanyamaza, kisha akakwambia Jumapili kuna kuku. Wewe ukadhani amebadilisha mazungumzo. Mwanangu, alikuwa anakujibu! Kila Jumapili umekuwa ukimwambia huji kwa sababu mtaa wake hauna pa kuegesha. Ulikuwa unamdanganya, ni mikutano, lakini yeye alikuamini. Akavaa mabuti, akachimba mahali pa gari moja, lako. Akaingia jikoni kutafuta kiti cha kuwekea alama, na katika vile vinne akatoa kile ambacho siku hizi hakikaliwi na mtu.

Kwa hiyo Jumatano usikiache mlangoni. Kipitishe mpaka jikoni, kirudishe mahali pake mezani. Na Jumapili gari liache nyumbani, panda basi, uende ukakikalie.

Bibi Odessa