Magadi Niliyokuongezea

Baba, shikamoo.

Nimeandika salamu hiyo nikajikuta nimesimamisha kalamu, nangoja uitikie. Huu ni mwezi wa tatu tangu tukurudishe kwetu mlimani tukakuzika pembeni ya migomba yako, na bado sijazoea.

Unakumbuka ulipoambiwa kliniki kwamba moyo umetanuka, upunguze chumvi? Nilichapa tangazo ofisini, "Chumvi marufuku", nikalibandika jikoni. Nikamkataza hata Mama kupika, ili niwe na uhakika. Kopo la chumvi nikalifungia kabatini, ufunguo nikawa natembea nao. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Mama Neema, njoo uone! Mwanao kaifungia chumvi kama bunduki!"

Lakini makande bila chumvi yalikushinda. "Hiki chakula cha kuku," ulisema, ukasukuma sahani. Ulikuwa umekonda, nikaogopa. Basi nikawa naongeza magadi. Kwetu nani anapika makande bila magadi? Nikazidisha kidogo, yakalainika, yakapata ladha, ukala. "Sasa umepika, mwanangu." Nilifurahi sana. Nikakupikia hivyo karibu kila siku, Baba.

Wiki iliyopita nilimpeleka Mama kliniki. Naye ana presha. Alipokwenda kupimwa uzito, muuguzi akaniuliza tunakula nini. Nikajibu kwa kujiamini: makande zaidi, na chumvi hatugusi. Akauliza makande tunalainisha kwa kitu gani. Nikasema magadi. Akaacha kuandika.

"Dada, magadi nayo yana sodiamu, ile ile ya kwenye chumvi. Mnaitoa huku, mnairudisha kule."

Tangu hapo sielewi kitu. Ni mimi? Nilimuuliza muuguzi. Akasema moyo wako ulikuwa mgonjwa kwa miaka, hakuna anayeweza kujua. Hiyo ni ndiyo, au siyo? Ile karatasi uliyopewa kliniki niliisoma mara tatu, Baba. Iliandika chumvi. Haikuandika magadi. Kazini napanga majalada, nakosea, napanga upya. Halafu nakukumbuka unakula, umefurahi, na hata hilo sijui nilikumbuke vipi.

Mama hajui. Nikimweleza habari ya magadi, atajua pia kilichokuwa kwenye sahani yako. Nimekuwa nikipika wali kila siku ili nisiseme. Leo asubuhi amechoka na wali. Nimemkuta anachambua maharage, magadi ameyaweka kwenye kisahani pembeni yake, anaimba taratibu. Sijamsikia akiimba tangu uondoke. Nimekimbilia chumbani kukuandikia wewe, kana kwamba ndiwe utakayemwambia.

Pumzika, Baba. Kama nilikukosea, nisamehe. Kama sikukukosea, sijui nani atanihakikishia. Ila nakuahidi Mama nitamwambia yote, leo, hata akishindwa kunitazama usoni.

Nasikia anawasha jiko. Naishia hapa.

Mwanao,
Neema