Rivolva ya Nadine na Trela la Royce

Sulphur Bend, Oklahoma
Jumapili, 12 Oktoba

Kwa kaka yangu Royce,

Pokea salamu kutoka nyumbani kwetu, ambako mimi ni mzima, kuku ni wazima, na paa bado liko juu pale pale ulipoliacha. Vipi goti lako? Na wifi Charlene, sukari yake imeshuka, au bado anaficha keki nyuma ya mchele?

Najua Jumamosi ijayo unakuja na trela kunihamishia Tulsa, kwenye kile chumba chenye mashine ya kukimbilia unayoanikia mashati. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu unanidakia maneno, barua haidakwi. Basi kaa chini, usome mpaka mwisho, halafu ndipo ubishe.

Unakumbuka Machi niliporudi kanisani nikakuta mlango wa nyuma umevunjwa kwa teke, na bunduki ya marehemu mume wangu Orval imekwenda pamoja na paja la nguruwe la Pasaka. Ulikuja siku ile ile ukasema mjane wa miaka sitini na sita hakai peke yake maili nne kutoka kwa jirani. Nilipokujibu kwamba sihami, nitanunua silaha yangu na kujifunza kuitumia, ulicheka mpaka ukakohoa. Ukanikumbusha kuwa utotoni nilimrushia nyoka jiwe, likampata mchungaji wa kanisa. Kisha ukatamka maneno ambayo niliyaandika nyuma ya kalenda, na tarehe nikaweka: “Nadine, siku jina lako likikaa juu ya langu kwenye kile kibao cha mabingwa cha klabu ya shabaha, nitafunga mdomo kuhusu nyumba hii mpaka nife.”

Ndipo ukanipeleka dukani kwa Delbert Pruitt. Mlisimama kaunta mkanichagulia kana kwamba mimi ni mgonjwa na nyie ni madaktari. Delbert akatoa kile kirivolva chenye mpini wa rangi ya waridi, akasema hicho ndicho cha kina mama, chepesi, kinaingia kwenye pochi. Ulilipa wewe, nikashukuru, na shukrani ile ilikuwa ya kweli.

Lakini kaka, kile ni pilipili kichaa. Hakina uzito wa kuumeza mpigo wake, kwa hiyo mpigo wote anaumeza mwenye mkono. Siku ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha wa klabu nilipiga risasi tano. Ya kwanza ilipata karatasi, ya pili ilipata udongo, zilizobaki sijui ziko kaunti gani. Kiganja kilivimba, nikashindwa kufungua hata chupa ya matango ya siki.

Mwalimu pale ni Leota Harjo, aliyekuwa askari wa jela miaka ishirini na minane. Kimo chake kidogo, lakini sauti yake hata ng'ombe wanaitii. Hakunipa pole. Alichukua silaha, akanigeuzia mgongo, akaipakia, akanirudishia. Nikalenga, nikavuta kifyatulio. Haikulia, alikuwa ameweka ganda tupu la risasi iliyokwisha kupigwa. Ila mtutu ulikuwa umeshainama wenyewe, kama kuku anayekunywa maji. Leota akacheka: “Umeona, bibie? Risasi haikuwemo. Woga ulikuwemo.”

Basi nikaacha kupiga kwa muda, nikaanza kuangalia watu. Kila Alhamisi nilikaa benchi na kahawa yangu nikihesabu nani anainamisha mtutu. Wenye maneno mengi walikuwa na silaha nyepesi mno au kubwa mno. Wasiosema kitu walikuwa na vyuma vya zamani, vizito. Leota akaniazima chake: chuma kitupu, mtutu wa inchi nne, kizito kama pasi ya bibi yetu. Hakikuruka, kilinisukuma tu taratibu, na kifyatulio chake kilivutika laini.

Kwa hiyo nisamehe, kaka. Zawadi yako niliirudisha kwa Delbert nikaibadilisha na rivolva kuukuu ya polisi, rangi imebanduka, mpini una alama ya meno ya mbwa. Delbert alinionya: “Mama Stuckey, hiyo ya wanaume hiyo.” Nikamwambia nimenyanyua masufuria ya chuma ya mama mkwe miaka arobaini, na hakuna mwanamume aliyewahi kuja kudai kuwa ni yake.

Tangu hapo kila asubuhi, kuku wakishakula, nahakikisha silinda ni tupu, nahakikisha tena, naelekeza ukutani, naweka sarafu ya senti kumi juu ya mtutu, navuta. Ikianguka, naanza hesabu upya. Agosti nilifika hamsini bila sarafu kuanguka. Silaha yenyewe inakaa kwenye kisanduku cha kufuli, karibu na mahali ninapolala. Mahali hapo nitakuja kukueleza.

Jana yalikuwa mashindano ya vuli. Unayajua: risasi thelathini kutoka hatua kumi na tano, na raundi ya mwisho silaha yako inapakiwa na mwingine, maganda matupu yakiwa yamechanganywa humo. Ukiinamisha mtutu, unakatwa pointi tano. Delbert alikuja na rivolva mpya inayong'aa kama bamba la gari, akaniuliza mbele za watu kama nimeleta na toroli la kubebea hilo lichuma. Alikuwa ananiongoza kwa pointi sita. Raundi ya mwisho kuku wake alikunywa maji mara mbili.

Zamu yangu ikafika. Nikavuta kwenye ganda tupu, na mtutu ukatulia pale pale, kana kwamba sarafu bado iko juu yake. Leota, asiyemsifu hata mwanawe wa kumzaa, alivua kofia. Mia mbili sabini na nne! Rekodi yako ilikuwa mia mbili sabini na moja, kaka, tangu mwaka 1988. Delbert ndiye aliyetumwa kuleta bisibisi ya kufungia jina langu kwenye kibao. Wewe hawakukutupa, wamekushusha mstari mmoja.

Sasa lile la mahali ninapolala. Tangu Machi, kila ulipopiga simu ukauliza nalalaje, nilikujibu kuwa nalala fofofo. Nilikudanganya. Nilikuwa nalala bafuni, ndani ya beseni la kuogea, na viatu miguuni, mlango nimeufunga na kiti nimekiegemeza. Ulikuwa na haki ya kuniogopea. Mara mbili nilifungasha sanduku nikashika simu nikuite uje unichukue. Na silaha haikunitoa mle. Nayo ililala bafuni pamoja nami. Kilichonitoa ni ile asubuhi ya Agosti sarafu ilipokataa kuanguka. Nikaona kwamba ikiwa mkono umeweza kutulia, hata mwili uliobaki unaweza kufundishwa. Siku hiyo nilivua viatu, nikapanda kitandani.

Kitanda chenyewe ni kile cha zamani, kimebonyea upande wa Orval. Kwa hiyo nimenunua kipya, kipana, kiko dukani McAlester kinasubiri usafiri. Trela ulilokodi usilirudishe, kaka. Njoo nalo Jumamosi, tupu, upitie kunichukulia kitanda changu. Nitakaanga kuku, na ukinyamaza vizuri kuhusu nyumba, kuna pai ya njugu za pekani.

Mbusu wifi, umwambie ile keki ailete huku, tutaificha wote.

Ni mimi dada yako, nisiyehama,
Nadine Stuckey
(mstari wa juu)